Mkalimani wa Tone la Damu

Mtu aliyekulia Usukumani hahitaji kufundishwa kwamba mizani inaweza kusema kweli na mkulima akadhulumiwa palepale. Jambo hili lilijulikana Bariadi, Maswa na kote katika nchi ya pamba kabla mimi sijazaliwa. Mkulima alileta mzigo wake kwa mnunuzi, mzigo ukatundikwa, mshale ukatembea na kusimama, kisha mtu mmoja aliyekuwa amesimama upande wa mshale akatamka namba. Malalamiko juu ya uzani huo ndiyo yaliyowafanya wakulima wa Jimbo la Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watake watu wao wenyewe wa kuisoma mizani. Kutokana na madai hayo vikakua vyama vya ushirika, hata mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake.

Mama yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea na ambaye mimi humwita Mayu kama tuwaitavyo mama zetu, alikuwa mtoto katika siku hizo. Amenisimulia mara nyingi jinsi baba yake alivyokuwa akiinua mzigo nyumbani kwa mikono miwili, akautingisha kidogo, akasema, "Huu umeushinda ule wa juzi." Kisha kule kwa mnunuzi namba ikawa ndogo kuliko ile ya juzi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kama mizani ilikuwa mbovu. "Mizani haikukosea, mwanangu," alinijibu, "ila haikuwa ikizungumza na baba."

Maneno hayo niliyasikia utotoni nikayaweka pamoja na hadithi nyingine za wazee. Sikudhani kwamba siku moja mimi mwenyewe ningesimama upande wa mshale, nikiwa na mizani ndogo kuliko kiganja, na kwamba mzigo uliotundikwa ungekuwa damu yake.

Ugonjwa wa Mayu ulijulikana kwa njia ya jembe. Wakati wa palizi mwaka 2016 alijikata mguu shambani, akaendelea kulima hadi jua kali, akarudi nyumbani ndara imelowa damu naye hana habari. Kidonda kikakataa kupona. Wiki ya tatu nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi aliyetupokea alikuwa binti mpole kutoka mikoa ya pwani, mwenye Kiswahili kizuri na asiyejua Kisukuma zaidi ya salamu. Mayu naye Kiswahili chake ni cha sokoni. Kinamtosha kununua chumvi, hakimtoshi kuueleza mwili wake. Basi mimi nikawa mkalimani.

Mayu alianza kama wanavyoanza wazee wetu, yaani mbali. Alianza na mvua zilivyochelewa, akaja kwenye jembe jipya ambalo mpini wake ulikuwa mrefu mno, akapita kwa jirani aliyemwahidi kumsaidia palizi asitokee, ndipo akaufikia mguu. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya mlango. Kwa kumhurumia muuguzi, na kusema kweli kwa kuona haya kidogo, nikafupisha yote kwa maneno matatu: "Anasema mguu unamuuma."

Sivyo alivyosema. Alichosema Mayu ni hiki: "Mguu wangu umenyamaza. Nimeukata, haukuniambia."

Bahati nzuri yule binti alikuwa na macho. Alibonyeza kando ya kidonda, akamwona bibi anatazama dirishani kama vile mguu ule ni wa mtu mwingine. Akanigeukia: "Una hakika amesema unamuuma?" Nikanyamaza. Akachoma kidole, na mashine ikaonyesha sukari ya milimoli 19 na kitu kwa lita, wakati ambapo mtu mzima wa afya, kabla hajala, hafiki hata 6. Neva za miguu zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na sukari ya miaka ambayo hakuna aliyeijua.

Hapo zamani ugonjwa huu tuliuhesabu kuwa wa watu wa mjini. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wao wa vijiji sita vya Tanzania, na humo wenye kisukari hawakufikia mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, wa mjini na wa shamba, ukawakuta wenye kisukari wapata 9 katika kila 100. Makundi hayo mawili si sawa, wala sitaki yalinganishwe kama pamba na pamba, lakini hata mtu asiyejua hesabu anaona kwamba kuna kitu kimeingia nyumbani.

Nikamnunulia mashine yake. Wanaoishi na ugonjwa huu watanielewa nikisema kwamba mashine si kitu. Kitu ni stripu. Mashine hununuliwa mara moja, stripu hazina mwisho, na kichupa cha stripu 50 kikikaa juani nyuma ya dirisha la duka, au kikiachwa wazi wakati wa masika, huharibika kimyakimya bila kubadili rangi. Nilifundisha kemia katika shule za sekondari miaka mingi, kwa hiyo nilijiona mtu anayefaa kabisa kukishika chombo hicho. Nilijua kilivyofanya kazi. Naomba ndugu msomaji anivumilie nieleze kidogo, kwa kuwa lile kosa lililonipata nimelielewa vizuri zaidi kwa kupitia humo.

Katika ncha ya stripu kuna kimeng'enya, na aghalabu ni kile kinachotolewa katika ukungu uitwao Aspergillus niger, ambao ndio ule weusi unaoota juu ya vitunguu vilivyokaa sana ghalani. Kimeng'enya hiki kina kipawa cha ajabu. Katika tone la damu lenye mamia ya vitu kinaitambua glukosi kama mama anavyoitambua sauti ya mwanawe mnadani, kinaishika, na kuinyang'anya elektroni mbili. Tukiweza kuzihesabu elektroni hizo tumeihesabu sukari. Lakini mahali kinapozishika pamefichika ndani kabisa ya umbo lake, na chuma cha kupokea umeme kimesimama nje. Isitoshe, hivi viwili ni wa lugha mbili. Mwili wetu hupeleka habari zake za umeme kwa ayoni, yaani chembe za chumvi zinazoogelea majini. Chuma kinajua elektroni tu. Ni kama watu wawili waliosimama kila mmoja ng'ambo yake ya mto Simiyu wakati wa mafuriko, wanapunga mikono.

Mmarekani Leland Clark, ambaye mwaka 1962 yeye na Champ Lyons walitoa wazo la kwanza la chombo cha namna hii, alizunguka tatizo hilo badala ya kulivuka. Alipima oksijeni ambayo kimeng'enya huitumia kikiwa kazini, kama mtu anayekadiria idadi ya wageni kwa kutazama maji yaliyopungua mtungini. Baadaye wakaja waliotumia kemikali ndogo za kukimbia huku na huku kama watoto wa kutumwa, zikichukua elektroni kwa kimeng'enya na kuzikabidhi kwa chuma, na stripu nyingi za dukani mpaka leo ni za namna hiyo. Lakini tarishi huchoka na tarishi hupotea. Wataalamu wengine walitaka mkalimani wa kukaa palepale mtoni, mwenye mguu mmoja kila upande. Wakamtafuta katika jamii ya vitu ambayo hakuna aliyetarajia, nayo ni jamii ya polima.

Polima ni mnyororo. Pamba ya Bariadi ni polima. Jina lake ni selulosi, nayo imeundwa kwa maelfu ya chembe za glukosi zilizoshikana mikono. Nilipomweleza Mayu kwamba pamba ni sukari alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema basi amelima sukari tangu utoto wake na hakuna aliyemwekea hata kijiko kimoja katika chai. Pamba haipitishi umeme, na plastiki, ambayo nayo ni jamii ya polima, ndiyo tunayovishia nyaya ili zisituue. Kwa hiyo mtu aliyesema kwamba polima inaweza kupitisha umeme alionekana kama asemaye kwamba ukuta unaweza kuwa mlango.

Na walikuwapo waliosema. Mwaka 1963 wanakemia wa Australia walichapisha habari za polima ya piroli ambayo, ikitiwa iodini, hupitisha umeme. Wakasomwa na wachache, habari ikalala. Mwaka huohuo wa 1963 ilikuwa imetimia miaka 100 tangu Mwingereza John Lightfoot apate hati ya kutia nguo za pamba rangi nyeusi kwa anilini, na weusi ule ni ndugu wa polianilini, polima ipitishayo umeme ambayo leo inashughulikiwa katika maabara nyingi. Karne nzima watu waliivaa kusudi wafiche vumbi.

Mwaka 1967 mjini Tokyo, katika maabara alimokuwa Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni alikuwa akitengeneza poliasetilini, akaweka kichocheo mara 1,000 zaidi ya kipimo kilichotakiwa. Badala ya unga mweusi ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Napenda sana hatua inayofuata katika kisa hiki, kwa kuwa haina werevu wowote: hawakuutupa. Mwaka 1975 Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Pennsylvania, alipita Tokyo, akaonyeshwa utando ule wakati wa chai, akamwalika Shirakawa kwake. Huko, pamoja na Alan Heeger, waliutia halojeni, umeme ukapita mara milioni kumi zaidi ya mwanzo. Walichapisha mwaka 1977, na mwaka 2000 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Wahandisi wa tiba hawakukawia kuipokea. Mwaka 1986 Nicola Foulds na Christopher Lowe wa Cambridge walionyesha kwamba kile kimeng'enya cha sukari kinaweza kufumbatwa ndani ya polipiroli wakati polima hiyo inapoota juu ya chuma, kama mbegu inavyofumbatwa na tope. Polima nyingine, iitwayo kwa kifupi PEDOT, imetumika kuvisha ncha za nyaya zinazosikiliza ubongo, kwa sababu chuma kitupu ni kigumu na ubongo ni kama uji ulioganda. Polima ni laini, inanyonya maji, na ndani yake ayoni na elektroni hupita pamoja. Hii ndiyo sifa niliyoizingatia zaidi. Mkalimani huyu hafanyi kazi kwa kuwa mwenye nguvu kuliko pande zote mbili. Anafanya kazi kwa kuwa tayari kuingiwa na kila upande.

Mimi sikuwa hivyo. Nirudi kwenye mwezi wa Desemba, mwaka 2018.

Ulikuwa msimu wa maembe na wa kupanda pamba. Nilifika kijijini jioni, nikamkuta Mayu ameketi chini ya mti, anawamenyea wajukuu maembe, juisi inamchuruzika hadi viwiko. Tukasalimiana. Nikamwuliza hali, akaniambia hali njema, hana kiu, usiku haamki, leo amepanda mistari saba na hakuchoka. Nikatoa mashine. Nikapangusa kidole chake kwa pamba yenye spiriti, nikachoma, nikagusisha stripu. Ikasoma 21.4.

Nilishtuka. Nikampigia simu tabibu kijana aliyekuwa akimwangalia, nikamtajia namba. Akauliza kama amemeza dawa yake ya asubuhi, nikasema ndiyo. Akafikiri kidogo, akaelekeza aongezewe kidonge kimoja cha glibenklamidi jioni ile na kesho nimpeleke aonwe. Mayu alikikataa. "Leo mwili wangu uko sawa," alisema. "Hicho chombo chako kinamsema mtu mwingine." Nikamwonyesha namba, ingawa hasomi. Nikamkumbusha mguu. Ndipo akanyamaza, akameza. Chakula cha usiku alikula matonge machache ya ugali, akasema maembe yamemshibisha, ingawa wajukuu wanasema alionja kipande kimoja tu.

Saa nane za usiku mjukuu alinigonga mlango. Mayu alikuwa amelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Nikapima: 2.1. Tukamkorogea sukari kikombeni, tukamnywesha kidogokidogo kwa kijiko, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka akanitazama na kunijua. Dawa ile hukaa mwilini saa nyingi na inaweza kuishusha sukari tena baada ya mgonjwa kuzinduka, kwa hiyo alfajiri tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nikiwa nimemshika kwa nyuma. Walimlaza siku mbili.

Lilikuwa embe. Damu yake jioni ile huenda haikuwa na neno. Stripu ilihesabu sukari ya juisi iliyokaukia kidoleni. Mwaka 2011 madaktari wa Japani walichapisha jaribio la watu wazima wenye afya waliomenya machungwa, zabibu na matunda ya kiwi kisha wakapimwa kidoleni. Namba zilipanda sana, na kupangusa kwa spiriti, hata mara tano, hakukutosha kuondoa kosa. Waliosafisha mikono kwa maji ya bomba walipata namba zao za kweli. Maji! Kulikuwa na ndoo hatua tatu kutoka pale tulipokaa.

Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha. Ni nani aliyesema uongo jioni ile? Kimeng'enya kilikuta glukosi kikasema glukosi. Elektroni zilipita zilizopita. Mashine iliandika ilichoambiwa. Tabibu alipewa namba akajibu namba. Hata mimi nilitamka 21.4, na ilikuwa 21.4. Mnyororo mzima ni wa kweli kiungo kwa kiungo, na mwisho wake ulikuwa uongo uliokaribia kumwua mwanamke. Tumezoea kudhani kwamba pakiwa na uongo pana mwongo, na kwamba kazi ya maadili ni kumtafuta. Hapa hayupo, wala hatia haikwisha kwa kuwa hayupo.

Nikijichunguza naona nilikuwa na habari tatu mkononi. Namba ilikuwa moja. Maembe yalikuwa ya pili, nimeyaona kwa macho yangu. Ya tatu ilikuwa maneno ya Mayu mwenyewe, kwamba hana kiu na haamki usiku, ambayo kwa mtu mwenye sukari ya 21 ni maneno mazito sana. Daktari yeyote angeyasikia angeuliza mara ya pili. Katika hizo tatu nilivusha moja. Nyingine nilizizuia mlangoni, kwa kuwa moja niliiona si habari na nyingine niliiona ni porojo za bibi. Nilifanya palepale kile nilichofanya miaka miwili kabla mbele ya yule binti muuguzi: nilifupisha. Na anayefupisha maneno ya mwingine amekwisha kuhukumu, hata kama hajui kwamba ameketi kitini.

Walakini sitaki kuliponyosha jambo hili kirahisi, nikasema basi tuwasikilize wazee na mashine tuzitupe. Mguu wa Mayu ulikuwa umenyamaza. Kwa miaka alijisikia mzima, na miaka hiyohiyo alikuwa akioza neva. Kama angekuwa shahidi pekee wa mwili wake leo asingekuwa na mguu, pengine asingekuwapo. Tabu yangu basi ni ya mtu mwenye mashahidi wawili ambao kila mmoja nimewahi kumkuta amekosea. Nimeketi katika mabaraza ya usuluhishi wa mipaka ya mashamba, na nakumbuka mzee mmoja ambaye, mashahidi wakipingana, hakuuliza nani mkweli. Alimwuliza kila mmoja, "Ulikuwa umesimama wapi?" Aliyesimama kichuguuni aliona jambo moja, aliyekuwa bondeni aliona jingine.

Swali hilo nimelihamishia kwa Mayu na kwa mashine yake. Stripu imesimama kwenye ncha ya kidole, juu ya tone dogo kuliko punje ya mtama, kwa sekunde chache. Haijui mkono ulitoka wapi. Mayu amesimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, lakini madirisha mawili matatu yamezibwa na ugonjwa, na upande wa miguu haoni kitu. Mmoja anajua jambo moja kwa usahihi mkubwa, mwingine anajua mengi kwa ukungu. Sioni kwa nini mmoja wao aitwe ushahidi na mwingine aitwe malalamiko.

Kuna rafiki yangu, mfamasia, ambaye hupenda kunituliza kwa kusema kwamba matatizo haya yanakwisha. Upo utambuzi unaobandikwa mkononi, uliouzwa Ulaya tangu mwaka 2014, ambao sindano yake laini hukaa chini ya ngozi siku 14. Ndani yake kuna mkalimani niliyekuwa nikimsema, polima yenye madini ya osmiamu iliyobuniwa na Adam Heller wa Texas, ambamo elektroni huruka kutoka kituo hadi kituo mpaka zifike. Hakuna kidole, hakuna embe. Ni kweli, na ningekuwa na uwezo wa kumnunulia Mayu mwezi hadi mwezi ningefanya hivyo kesho. Lakini hata huo haukusimama ndani ya damu. Umesimama katika majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili, ambako habari za damu hufika zimechelewa dakika kadhaa. Na mwaka 2016 Marekani iliidhinisha mtambo ambao hupima sukari na kujirekebishia wenyewe kiasi cha insulini ya kutiwa mwilini, bila kusubiri mtu apige simu. Jambo la kuchekesha, au la kutisha, ni kwamba mtambo huo bado ulimtaka mwenyewe achome kidole kila siku ili kuusahihisha. Embe lilikuwa limefungiwa mlango wa mbele, wa nyuma ukaachwa wazi.

Kinachonisumbua katika mitambo hiyo si makosa yake, kwa kuwa bila shaka inakosea mara chache kuliko mimi. Nafikiria siku itakapokuwa haikosei hata kidogo. Je, siku hiyo tutakuwa na sababu ya kumwuliza bibi amelalaje? Huwa nadhani tunamwuliza mgonjwa hali yake kwa kuwa tunahitaji habari. Baba yake Mayu alipoinua mzigo wake nyumbani na kusema huu umeushinda ule wa juzi, hakuwa akitoa habari tu. Alikuwa akisema kwamba yeye ni mmoja wa wanaohusika na mzigo huo. Kilichowauma watu wa kizazi chake, kadiri ninavyowasikia wanaowakumbuka, hakikuwa ratili zilizopotea peke yake. Ni kusimama upande ambao mshale hauonekani, mbele ya pamba yako mwenyewe, ukingojea kuambiwa.

Mayu hakunilaumu. Siku alipotoka hospitali alisema tu kwamba chombo changu ni kama karani wa zamani, kinaandika vizuri. Kisha akatoa masharti. Ndoo na beseni viwe karibu, anawe yeye mwenyewe kwa sabuni, mimi nikimmiminia maji. Halafu kabla ya kuchomwa aseme kwanza. Hueleza alivyolala, alichokula, miguu inasemaje au imekataa kusema, naye hutaja namba anayodhani itatokea, kwa maana namba za mashine amekwisha kuzijua kwa masikio. Mimi huandika maneno yake upande wa kushoto wa daftari na namba upande wa kulia. Mara nyingine hukaribiana hata nikastaajabu. Mara nyingine huachana mbali, tukatazamana, tukaanza kuulizana upya. Tabibu akipigiwa simu husomewa pande zote mbili. Mwanzoni alikuwa akikohoa kidogo kunikatisha, siku hizi ananiacha nimalize.

Mwezi uliopita stripu ziliisha katikati ya juma, na mjini nilikuta duka moja limefunga na jingine lina kichupa kilichopitwa na tarehe. Nilirudi mikono mitupu. Mayu alikuwa tayari ameketi, beseni liko mbele yake. Nikamweleza. Akanyoosha mikono hata hivyo, nikammiminia maji, akanawa polepole mpaka viwiko, akajifuta kwa khanga, akaanza na mvua. Niliandika kurasa mbili za upande wa kushoto.